Nusu ya Boneti: Fundi wa Rangi wa Kagarama na Kitambaa cha Mzee Léonidas

Saa kumi na mbili imepita kidogo. Jua linachomoza upande wa Kanombe, linateleza juu ya mabati ya Kagarama, mjini Kigali, na kuangukia boneti ya gari kubwa jeusi. Spéciose Kankindi amepiga magoti mbele ya gari hilo kama mtu aliyeangusha sindano.

Hagusi kitu. Anainamisha kichwa kushoto, anakiinamisha kulia, anasogea nyuma kidogo. Kisha anafyonza meno.

"Imerudi," anasema. "Mikwaruzo imerudi yote."

Mtu mwingine angeapa kwamba gari liko safi. Lakini jua la saa hizi linapiga kwa ubavu, na ukilitazama linavyojionyesha kwenye rangi nyeusi, unaona nyuzinyuzi nyembamba zimelizunguka pande zote, kama utando wa buibui. Kivulini huzioni, na saa sita mchana huzioni. Ndiyo maana Spéciose huamka Busanza kukiwa bado giza, akapanda pikipiki, akawahi jua kwenye uwanja wake wa kazi kabla halijapanda.

Baada ya kutazama huja kupapasa. Anachukua ile karatasi ang'avu inayofunika pakiti ya sigara, anaivisha kwenye ncha za vidole viwili, anaviteleza juu ya mlango. Mafundi wa nchi nyingine hutumia mfuko wa nailoni kwa kazi hii. Kigali mifuko hiyo ni marufuku, na Spéciose hataki kesi. Kitu laini kikiwa kati ya kidole na rangi, kila punje iliyonasa inasikika kama mchanga chini ya kandambili.

Sigara zenyewe havuti. Karatasi anapewa na Jean-Berchmans, mpiga rangi wa siku nyingi wanayegawana naye uwanja.

"Mimi naharibu mapafu yangu kwa ajili ya kazi yako, Mama Ishimwe," Jean-Berchmans anamwambia kutoka upande wa pili. "Siku nikifa, uje unipige polishi."

"Wewe umeshapata kutu. Polishi haisaidii."

Spéciose ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako watoto hugombana kwa Kiswahili kabla hawajajua kuandika jina. Wazazi wake, Wanyarwanda waliokulia Burundi, walipohamia Kigali yeye alikuwa msichana wa shule ya msingi. Shule ya sekondari aliigusa tu. Kazi ya kwanza aliyoipata mjini ilikuwa kuosha magari Kicukiro, na huko ndiko alikoanza kujiuliza swali ambalo hakuna aliyetaka kumjibu.

"Nilikuwa naosha gari mbili za mwaka mmoja, kampuni moja, rangi moja," anasimulia. "Moja inang'aa kama jicho, nyingine iko kama moshi. Naosha zote kwa sabuni ileile. Nikauliza, kwa nini? Wakaniambia, dada, osha, acha maswali."

Hakuacha. Alimfuata Jean-Berchmans, ambaye wakati huo alikuwa fundi wa gereji, akamwomba amwonyeshe mlango uliogongwa na kukatwa. Akaona kwa macho yake kwamba gari limevaa nguo kadhaa: chini kabisa chuma, juu yake praima, juu ya praima rangi, na juu ya rangi tabaka moja lisilo na rangi yoyote, linaloitwa vanishi. Mng'ao wote tunaousifu barabarani uko kwenye hiyo vanishi. Na vanishi yenyewe ni nyembamba kuliko ukurasa wa gazeti hili.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo wenye magari wengi hupotea. Watu hudhani kung'arisha gari ni kupaka kitu. Kupaka kunakuja mwisho, pale nta au dawa ya kulinda inapowekwa. Kung'arisha kwenyewe ni kuondoa. Sponji inazunguka kwenye mashine, dawa inasugua, vanishi inashuka kidogo hadi ilingane na kina cha mkwaruzo, na mkwaruzo unatoweka kwa sababu kuta zake zimeondolewa.

"Ngozi ya mtu inaota tena," anasema Spéciose. "Hii haioti. Ukishaondoa, umeondoa."

Kazi ya gari kubwa inamchukua siku mbili na analipwa faranga elfu themanini. Mvua ikinyesha halipwi chochote, maana uwanja hauna paa. Ndoto yake ya miaka yote ni bati.

Na bati lilikuwa limekaribia. Gari hilo jeusi ni la Praxeda, Mtanzania wa Bukoba anayefanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo, naye amepanga nyumba Kiyovu. Praxeda ni mteja mwenye mdomo, na mdomo huo ulikuwa umemletea Spéciose neema: bosi wake ana magari sita, na alikuwa anatafuta mtu wa kuyatunza mwaka mzima. Praxeda alimwambia, "Fundi ninaye, tazama gari langu." Bosi akasema atalitazama.

Asubuhi hiyo, baada ya Spéciose kumpigia simu kwamba hataling'arisha, Praxeda anafika kuchukua gari akiwa amevaa viatu vya ofisini, akirukaruka matope.

"Hivi Mama Ishimwe, nikuulize kitu," anaanza hata kabla ya salamu kuisha. "Tangu Januari umeling'arisha hili gari mara mbili. Mara mbili! Halimalizi mwezi, linarudi kuwa kama sufuria ya bwenini. Nimekuletea mara ya tatu, leo unaniambia hutaki?"

"Siwezi, dada. Nimepima." Spéciose anamwonyesha kipimo kidogo chenye umbo la simu ya zamani. "Milango na paa, ngozi imebaki kidogo sana. Nikipitisha mashine tena, pembeni patachubuka. Pakichubuka ni kupiga rangi upya."

"Ngozi gani? Gari ni mbuzi?"

Jean-Berchmans anacheka hadi anakohoa. Praxeda hacheki.

"Bosi anaamua Ijumaa. Mimi nimekupigia debe, Mama Ishimwe. Nimekusifu mpaka watu wanadhani ni ndugu yangu. Sasa akiliona hivi, aibu ni ya nani?"

"Nipe hadi kesho," Spéciose anasema. "Kuna kitu kinalikwaruza. Nataka kukijua."

"Basi kijue haraka."

Gari likaondoka na mikwaruzo yake.

Spéciose aliwaza siku nzima. Matawi ya miti? Matawi hukwaruza mistari mirefu, tena upande mmoja. Brashi za pale linapooshwa? Praxeda alikuwa akiliosha kwake tu. Watoto? Praxeda hana mtoto mdogo. Mikwaruzo hii ilikuwa ya duara, myepesi, imeenea kila mahali kwa usawa. Aliyeifanya alikuwa na subira.

Kesho yake alfajiri hakwenda Kagarama. Alimwambia dereva wa pikipiki ampeleke Kiyovu.

Kiyovu ya saa hizo ni kimya, majumba ya zamani nyuma ya kuta na maua, fagio tu zikisikika. Lango la nyumba ya Praxeda lilikuwa limeachwa wazi kidogo. Spéciose akachungulia, na jibu la swali lake lilikuwa limesimama pale, limevaa koti la kijeshi lililopauka na kofia ya sufu.

Ni mzee Léonidas, umuzamu, mlinzi wa nyumba ile tangu kabla ya wapangaji watatu waliopita. Mkononi alikuwa na kipande cha blanketi kilichokunjwa vizuri. Alikikung'uta mara mbili, akaipiga boneti kofi dogo kama anayemwamsha mtoto, akapumua *haaa* juu ya rangi, akaanza kufuta. Duara, duara, duara. Vumbi jekundu la jana lilikuwa limechanganyika na umande, na mzee alikuwa akilisugua kwa mapenzi yake yote. Kwenye vanishi, punje za vumbi lile ni msasa.

Spéciose anasema alitaka kupiga kelele, lakini alijipenyeza tu langoni.

"Mwaramutse, muzee," alisema.

"Mwaramutse, binti. Madamu bado iko ndani."

"Nakuona unafanya kazi."

"Naosha uso wa gari. Asubuhi na jioni."

"Jioni pia?"

"Zamani ilikuwa asubuhi tu." Mzee alikunja upande mwingine wa blanketi. "Halafu madamu alipata fundi moja hatari, kule Kagarama. Huyo fundi alisema vumbi isilale juu ya gari, ikilala na umande inashika. Madamu akaniambia. Basi nimeongeza ya jioni. Huyo fundi, binti, huyo ni mtu anajua kazi!"

Ni kweli, Spéciose aliyasema maneno hayo. Huwaambia wateja wote siku ya kukabidhi gari. Maana yake ilikuwa walilete lioshwe kwa maji mengi, mapema, vumbi likiwa bado linatoka kirahisi. Lakini hayo ya maji hakuyasema. Aliona yanajieleza yenyewe. Na katika mji ambao kila mlinzi huamka na kitambaa mkononi, ukisema vumbi lisikae, umesema lifutwe.

"Muzee," alisema, "huyo fundi ni mimi."

Léonidas akaweka blanketi begani, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Karibu sana! Karibu! Sasa njoo uangalie. Nimefuata?"

Walitazama pamoja. Spéciose alimwonyesha jua kwenye boneti, na nyuzi zake. Mzee alikunja uso.

"Macho yangu ni ya zamani. Mimi naona inang'aa."

"Kitambaa kikavu kinaikwaruza, muzee. Kila siku kidogo."

Léonidas akashusha blanketi kutoka begani. Sauti yake nayo ikashuka. "Utamwambia madamu ni mimi?"

Kisha akaeleza jambo ambalo Spéciose hakuwahi kulifikiria katika miaka yote ya kuchunguza rangi. Praxeda hutoka saa moja kasoro. Akitoka anamkuta Léonidas na kitambaa mkononi, na hapo anajua mlinzi wake alikesha. Akimkuta amekaa, hata kama alikesha, atadhani amelala. Mlinzi wa nyumba ya pili alifukuzwa hivyohivyo.

"Nikiacha kufuta," mzee aliuliza, "atajuaje niliamka?"

Spéciose aliaga akaondoka bila kugonga mlango wa Praxeda.

Uwanjani Kagarama, Jean-Berchmans aliona mambo ni mepesi.

"Sema ni umuzamu. Maneno mawili. Bosi anakupa magari sita, unapandisha bati, mimi napata kivuli."

"Nikisema hivyo, atakuwa amefukuzwa kabla ya chai."

"Si ndiye aliyekwaruza?"

"Mkono ni wake. Maneno ni yangu."

"Maneno hayakwaruzi gari, Mama Ishimwe."

"Haya yamekwaruza. Nenda ukaangalie."

Jioni alirudi Kiyovu, na safari hii alipitia langoni kwa mguu mzima. Praxeda alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini. Léonidas alikuwa amesimama karibu na kibanda chake, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Nimekijua," Spéciose alisema. "Ni ushauri wangu mimi. Nilikwambia vumbi lisikae, sikukwambia lisifutwe kavu. Ukamwambia mzee, mzee akafuata sawasawa. Angekuwa mvivu, gari lako lingekuwa zuri."

Praxeda aliwatazama wote wawili kwa zamu.

"Subiri kwanza. Kwa hiyo nimekulipa uling'arishe, halafu ukanipa maneno ya kuliharibu, halafu nikakulipa tena?"

"Ndiyo."

"Na unakuja kuniambia mwenyewe, kwa miguu yako?"

"Ndiyo, dada."

"Jamani." Praxeda akaegemea mlango wa gari. "Unajua kesho bosi ananiuliza? Nimwambie nini? Fundi anasema kosa ni lake?"

"Mwambie hivyo."

Alimwambia hivyo. Ijumaa ile magari sita yakapewa karakana moja ya mjini yenye sakafu ya vigae na kahawa ya kungojea. Spéciose alipata habari kwa simu, akiwa amejibanza chini ya mwavuli mvua ikimwagika juu ya gari la watu aliloliacha nusu. Anasema alilia kidogo, halafu akaona aibu kwa sababu Jean-Berchmans alimletea chai bila kusema kitu, na Jean-Berchmans si mtu wa kukosa la kusema.

Lakini pale Kiyovu jioni ile kulikuwa na jambo moja zaidi. Kabla hajaaga, Spéciose alimwomba Praxeda ruhusa. Boneti, tofauti na milango, ilikuwa bado na vanishi ya kutosha kupitishwa mara moja, kwa wepesi. Ataing'arisha bure. Kisha mzee Léonidas afute nusu ya upande wa dereva kama alivyozoea, asubuhi na jioni, na nusu ya pili asiiguse kabisa. Ile iwe inamwagiwa maji tu.

"Unataka kuchezea gari langu tena?" Praxeda aliuliza.

"Nataka mzee aone kwa macho yake. Nikimwambia tu, ni maneno. Na maneno yangu umeshaona yanavyofanya."

Hapo ndipo Praxeda alipocheka kwa mara ya kwanza. "Haya. Lakini mkiliharibu, nawauza nyote wawili."

Lile swali la mlinzi kuonekana ameamka lilimsumbua Spéciose wiki nzima, kuliko hata magari sita. Alilipatia jibu akiwa kwenye pikipiki nyuma ya basi dogo, jua limempiga machoni kutoka kwenye kioo cha nyuma. Kioo! Kioo ni kigumu kuliko vanishi. Kifute kwa maji kidogo na kitambaa safi, hakidhuriki. Taa pia, na namba za gari, na rimu. Gari likiwa na vioo vinavyowaka, macho ya mtu hayashuki kutafuta vumbi mlangoni.

Alimpelekea Léonidas chupa ya kunyunyizia na vitambaa viwili laini. Mzee alivinusa.

"Na uso wake?"

"Uso wa gari ni kioo, muzee. Huko kwingine ni ngozi."

"Ni ngozi," mzee alirudia, akijaribu neno mdomoni. "Sawa. Lakini ile nusu yangu bado nafuta?"

"Bado. Mpaka tuangalie."

Waliangalia baada ya mwezi, asubuhi, Praxeda akiwa amejifunga khanga juu ya nguo za kulalia. Walilifungua lango lote ili jua liingie. Upande mmoja wa boneti ulikuwa mweusi mzito, mawingu yanaonekana ndani yake. Upande wa pili ulikuwa na ukungu wa kijivu, kama kioo cha bafuni. Mpaka ulikuwa palepale katikati. Macho hata yawe ya zamani namna gani, huo unaonekana.

Léonidas alisogea, akarudi, akasogea tena.

"Hii upande ni mimi?"

"Ni wewe, muzee."

"Na hii nzuri ni nani?"

"Hakuna mtu. Haijaguswa."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Basi Hakuna Mtu anajua kazi kunishinda."

Praxeda alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akasema jambo ambalo Spéciose bado analirudia kwa sauti ya kuiga lafudhi ya Bukoba: "Mzee Léonidas, mimi nilikuwa naona unavyofuta, nasema moyoni, huyu ananipenda. Sikujua ananisaga."

Tangu siku hiyo Praxeda huegesha ofisini gari likiwa limeelekeza pua barabarani, ili kila apitaye aulize. Wapo waliouliza. Dereva wa bosi ameuliza mara mbili, na mara ya pili alipiga picha. Karakana ya mjini bado ina yale magari sita, na Spéciose hana hakika kama yatakuja. Lakini nyumba nne za mtaa ule zimekubaliana naye: yeye huenda kila baada ya wiki mbili na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji, na walinzi wanashughulikia vioo na taa. Malipo ni madogo kuliko ya kung'arisha, ila hayategemei mikwaruzo.

"Wateja wakinisikiliza, mashine yangu italala," anasema. "Jean-Berchmans anasema nitakufa njaa."

"Nasema hivyo na nitaandika kwenye kaburi," Jean-Berchmans anaitikia.

"Nikifika nyumba kumi, napandisha bati kabla ya mvua za Machi. Nimeshapima nguzo."

Mpango wa karibu zaidi ni wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ukiisha, walinzi wa barabara ile watakusanyika langoni kwa Praxeda, kila mmoja na kitambaa anachokitumia. Spéciose ataleta maji na sponji. Kuzungumza atazungumza Léonidas, kwa matakwa yake mwenyewe. Anasema fundi akisema, watu watadhani anatafuta wateja, lakini umuzamu akimwambia umuzamu mwenzake, hiyo ni habari.

Spéciose alikuwa amemwahidi zawadi baada ya mkutano: ataifanyia kazi ile nusu ya kijivu kwa mkono, taratibu, bila mashine, kama kipimo kitaruhusu, boneti iwe moja tena. Praxeda alishakubali.

Léonidas ndiye aliyekataa.

"Acha," alisema, akinyunyiza maji kwenye kioo cha mbele. "Kila mwezi kuna umuzamu mpya kwa hii barabara. Nitamwonyesha nini?"